Seti ya plastiki za kung'olea vifuniko vya rimu, nimeitumia wiki mbili

Jamani mwezi uliopita nilipeleka Premio yangu kijiweni kuziba pancha, dogo akachukua bisibisi bapa akaanza kuchokonoa kile kifuniko kidogo cha katikati ya rimu, kile chenye nembo. Kikatoka kweli, ila kucha mbili za plastiki zinazokishika kwa nyuma zimekatika na rimu ina mkwaruzo kama paka kapita. Na kwa pancha wala hakikuhitajika kutoka, nati ziko nje kabisa, sijui alikuwa anatafuta nini mle.

Basi nikaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, kutafuta kingine, muuza spea akaniuzia na hii seti ya plastiki vipande vitano, zile mafundi redio wanang'olea dashibodi. Kaanzia elfu ishirini, tukavutana mpaka kumi na mbili. Ukienda kununua kifuniko pima cha kwako kwanza na rula, usiseme tu "cha Toyota", maana za Toyota nyingi ni milimita 62 ila sio zote, na BMW huwa 68, Benz 75.

Nilitaka kupaka rangi rimu zote kwa hiyo nimeijaribu vizuri. Kile kipande chembamba kipana ndo mwenyewe. Nilimwagia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kuzunguka kifuniko kwanza, vumbi la breki likilala miaka mle linashika kama simenti, nikabandika tepu ya karatasi kwenye rimu, nikachomeka ncha nikanyanyua kidoooogo, nikahamia upande wa pili, nikanyanyua tena, hivyo hivyo kuzunguka mpaka ukasikia "tak". Usikivute upande mmoja mpaka mwisho, kucha za upande wa pili ndo zinakatika hapo, nyuma ni vikucha vya plastiki vyembamba tu na gari zetu hizi zimeshakula miaka kibao. Vifuniko viwili vimetoka bila hata alama.

Cha tatu kikagoma kabisa na plastiki ikaanza kupinda, hii plastiki yao laini mno, ukiikandamiza sana ncha inajikunja kama kadi ya simu. Nikaona isiwe tabu, nikapiga jeki nikafungua tairi zima, nikasukuma kifuniko kwa nyuma na mpini wa nyundo, taratibu, kikadondokea mkononi sekunde mbili. Sasa hapo nikacheka mwenyewe, kwa nini nimetoa elfu kumi na mbili? Kama tairi unalitoa kwa kazi nyingine na rimu yako ina tundu linalopitiliza nyuma, huna haja ya kifaa chochote. Seti hii inakufaa kama tairi linabaki kwenye gari.

Nawapa nyota tatu. Rimu haijachubuka hata moja, hilo lazima niseme, ila kati ya vipande vitano nimetumia viwili, na chembamba ncha yake imeshaanza kuchanika. Wangeuza kile kimoja peke yake, kigumu kidogo, hata kwa elfu tano ningenunua. Kile kinene chenye kichwa bapa wife kakichukua jikoni, anafungulia makopo ya maziwa ya unga na anasema ni kizuri sana.