Everest na K2, upi noma zaidi?

Watu wengi wanadhani Everest ndo kiboko ya milima yote kwa sababu ni mrefu kuliko yote, mita 8,849, K2, wa pili kwa urefu duniani, una 8,611. Mi nabisha.

Everest shida yake kubwa ni foleni. Kule juu ya mita 8,000 oksijeni unayovuta ni kama theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari, mwili unakufa taratibu, afu we umesimama unasubiri watu 50 mbele yako wapite kwenye kamba moja, mtungi wa oksijeni nao unaisha! Na Khumbu, yale maporomoko ya barafu unayopita kupanda Everest, pia si mchezo, 2014 barafu iliporomoka ikaua wafanyakazi 16 wa Nepal.

K2 sasa... mteremko mkali karibu mwanzo mpaka mwisho, mawe yanadondoka, halafu kuna ule mfereji mwembamba wa Bottleneck, juu yake kuna bonge la barafu linaning'inia na linakatika likijisikia, 2008 walikufa 11 mlimani pale kwenye tukio moja. Everest ulipandwa mpaka kileleni msimu wa baridi kwa mara ya kwanza 1980, K2 ikabidi kusubiri mpaka 2021.

Ukiniuliza mi, Everest ukiwa na hela na mapafu unaweza kujaribu. K2 hapana, hata bure siendi.