Kisheti Kisicho na Shira: Tulivyokwenda Kusokota Pretzeli Lititz

Mama yangu amekaanga maandazi na vitumbua Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Nilipomwambia kwamba Jumamosi tunakwenda mahali ambapo unalipa kiingilio ili upewe donge la unga ulisokote, alinitazama kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Nilipe mimi? Nikakande unga?"

"Hukandi, Mama. Unasokota tu."

"Ndiyo hilohilo."

Sisi tunaishi Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mama alikuja kututembelea kwa miezi mitatu, na kufikia Oktoba alikuwa ameshaona maduka makubwa, ameshaona majani yanavyogeuka rangi, na Waamish, Wakristo wa huku wanaoishi kwa desturi za zamani, na vigari vyao vya farasi alikuwa ameshawazoea kiasi kwamba alikuwa anawapungia mkono kama majirani wa Chumbageni. Kitu kilichobaki ni pretzeli. Ukikaa upande huu wa Marekani huwezi kuikwepa: ni mkate mdogo uliosokotwa kama fundo, rangi ya kahawia iliyoiva, juu umenyunyiziwa chumvi ya chengachenga. Upo laini wa kuliwa moto, na upo mkavu wa kutafuna kama biskuti.

Niseme ukweli, hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Wiki mbili kabla ya hapo tulisimama kwenye duka moja kando ya barabara ya watalii. Jina nalihifadhi. Pretzeli zilikuwa zimening'inizwa chini ya taa ya kupasha joto tangu sijui saa ngapi, chumvi imeshatoa maji, na ukitafuna ni kandambili. Bei, ya chakula cha mchana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo safari hii nilichagua pa kwenda kwa makini: Julius Sturgis Pretzel Bakery, mjini Lititz.

Kutoka Lancaster unashika barabara ya 501 kuelekea kaskazini, kama kilomita 13 hivi, umefika. Lititz wenyewe ni mji mdogo ulioanzishwa na Wamoraviani mwaka 1756, na jina lake wamelitoa Bohemia, leo sehemu ya nchi ya Czech, kulikokuwa asili ya kanisa lao. Kwa karibu miaka 100 mtu asiyekuwa wa kanisa hilo hakuruhusiwa kumiliki nyumba pale. Hapa nikampigia simu shemeji yangu wa Tukuyu, kwa sababu Wamoraviani ni haohao waliofika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina waumini wao wengi kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Shemeji hakujali kabisa habari za mkate. Alitaka nimpigie picha kanisa, nikampigia.

Nyumba ya Sturgis ipo mtaa wa East Main, ng'ambo karibu na shule ya wasichana ya Linden Hall ambayo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Huwezi kupotea, maana mbele pamewekwa pretzeli kubwa ya sanamu, na kila anayefika lazima apige picha nayo. Mwanangu wa miaka tisa aliingiza kichwa kwenye tundu lake. Jengo ni la mawe, la mwaka 1784, na kazi ya pretzeli ilianza humo mwaka 1861. Ndilo linalohesabiwa kuwa kiwanda cha kwanza cha pretzeli cha kibiashara Marekani. Ukisikia neno kiwanda usiwaze mitambo inayonguruma. Ni nyumba. Dari ziko chini, sakafu inalia ukikanyaga, na unaanzia dukani, ambako unakata tiketi ya dola chache kisha unasubiri kundi lako liitwe.

Tulikuwa kama watu 15. Tukasimamishwa kwenye meza ndefu ya mbao, kila mtu akawekewa kipande cha donge mbele yake. Kijana aliyetuongoza alikuwa anaongea kwa kasi ya mpiga debe, mimi natafsiri nyuma yake, Mama anatikisa kichwa kila baada ya sentensi kama anayekagua hesabu za VICOBA.

Hadithi ya kwanza: inasimuliwa kwamba mtawa mmoja huko Ulaya, karne ya 7, alikuwa na mabaki ya unga, akayasokota yafanane na mikono ya mtu anayeswali kwa mtindo wa zamani, mikono imekunjwa kifuani, akawa anawapa watoto waliohifadhi sala zao. Kama ni kweli au si kweli, hata neno la Kijerumani *Brezel* limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkono. Na walioleta mkate huu Pennsylvania ni wahamiaji wa Kijerumani, ambao huku huitwa "Dutch" na kila mgeni anadhani ni Waholanzi.

Hadithi ya pili Mama aliipenda zaidi. Wanasema mtu mmoja mzururaji, hana mbele wala nyuma, alibisha hodi kwenye duka la mwoka mikate wa Lititz, akapewa chakula. Hakuwa na cha kulipa, akaacha maelezo ya kutengeneza pretzeli kavu. Maelezo hayo ndiyo yaliyomfikia Julius Sturgis, aliyekuwa akijifunza kazi hapo. Nilipomaliza kutafsiri, Mama akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wazungu wote: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kijana akauliza amesema nini. Nikajaribu kumweleza. Akaomba nirudie taratibu, akakaririkariri mpaka "apone" ikamtoka vizuri.

Halafu kazi.

Hapa ndipo Mama alipoacha kuwa mtalii. Sisi wengine wote tulianza kulivuta donge kama mpira, likakatika. Yeye alilibonyeza kwanza kwa kidole gumba, kama anayemsikiliza mgonjwa. "Gumu," akasema. "Maji machache." Ni kweli, donge la pretzeli ni kavu kuliko la maandazi, na mezani hakuna unga wa kunyunyizia kwa sababu ukiweka unga linateleza, halisokoteki. Akaweka viganja viwili katikati, akawa anasukuma mbele na nyuma huku viganja vinaachana polepole kuelekea pembeni. Kamba ikatoka nyembamba ncha mbili, nene kidogo tumboni. Akanigeukia: "Wewe unavuta. Usivute. Sukuma, litaenda lenyewe."

Ukishapata kamba unaipinda kama herufi U, unapishanisha ncha mara moja, mara ya pili, kisha unazikunja kuja chini na kuzibonyeza kwenye mpindo. Matundu matatu. Wapo wanaosema ni Utatu Mtakatifu. Mama alikosea mara ya kwanza, alipishanisha mara moja tu. Mara ya pili ikatoka safi kuliko ya kijana mwenyewe, na simwongezei chumvi kwa kuwa ni mzazi wangu: kijana aliinyanyua akawaonyesha wengine. Ya mwanangu ilikuwa ndala iliyokatika mkanda. Yangu tuiache.

Mama akaiangalia yake kwa muda. "Hiki kisheti," akasema. "Kisheti kikubwa kisicho na shira."

Tangu hapo nyumbani kwetu pretzeli haina jina jingine.

Ukimaliza kusokota unapelekwa kwenye matanuri ya zamani ya matofali, na kwa upande wangu hapa ndipo palipolipa kiingilio. Midomo yake ni mipana na iko chini, matofali yameiva weusi, na kando zipo zana ndefu za mbao, bapa, kama makasia, za kuingizia na kutolea mikate. Wanakueleza kwamba kabla ya mashine msokotaji hodari alikuwa anatoa pretzeli kama 40 kwa dakika. Mwaka 1935 mji wa Reading, si mbali na hapo, ukaleta mashine ya kwanza ya kusokota, na yenyewe ikatoa 245 kwa dakika. Mama akapiga mahesabu yake kimyakimya. Yeye kwa saa moja ya alfajiri hutoa maandazi 200, akisaidiwa na mdogo wangu. Akasema hiyo mashine isije ikafika Tanga.

Kuna pia kisa cha jinsi pretzeli kavu ilivyopatikana: eti mwanagenzi alisinzia mbele ya tanuri, akaamka zimekauka kabisa, bosi akafoka, kisha akaonja. Mama hakucheka. "Sisi tukiunguza tunakula wenyewe."

Jambo lililomshtua ni rangi. Ule ukahawia unaong'aa hautokani na yai wala sukari. Kwa jadi ya Kijerumani pretzeli huchovywa kwenye maji yenye kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni, iliyozimuliwa sana, kisha ikaingia motoni na ule ukali ukaisha. Wengi, hasa wanaooka nyumbani, hutumia magadi ya unga (baking soda) badala yake. Nilipotaja magadi, uso wa Mama ulifunguka. Mtu anayetia magadi kwenye makande tangu utotoni hahitaji somo la kemia. "Kumbe ndiyo ile harufu!" Maana kweli, pretzeli ina harufu yake, kama maharage yaliyozidi magadi kidogo, na mpaka siku ile sikuwahi kujua naijulia wapi.

Ziara nzima haifiki nusu saa, halafu mnarudi dukani. Wengine watasema ni fupi. Kwa mtu mwenye mtoto na mzee wa magoti mabovu, ilikuwa saizi yetu. Pretzeli laini bado zinasokotwa kwa mkono hapohapo. Tulinunua tatu za moto. Ganda linapasuka kidogo chini ya meno, ndani ni nyeupe na laini, chumvi inakuja mwisho. Nilimpa Mama achovye kwenye haradali kama wanavyofanya wenyewe. Alichovya mara moja, akakunja uso, akaifuta haradali kwa tishu, akala pretzeli iliyobaki yote mpaka ikaisha, kisha akaomba chai. Chai ya maziwa yenye iliki hutaipata pale, beba chupa yako.

Pretzeli kavu zipo za mifuko, za chumvi na nyinginezo, nazo zinafaa kwa zawadi. Hazivunjiki ovyo na zinakaa miezi. Sisi tulichukua mifuko sita ya kwenda nayo Tanga. Kwa wenzangu Waislamu, shikeni tabia ya kusoma nyuma ya mfuko mnaponunua vitafunwa vyovyote katika mkoa huu. Wakulima wa huku wana mapenzi na mafuta ya nguruwe, kuna hata chipsi za viazi zinazokaangwa kwayo na inaandikwa wazi. Kingine, Jumapili maduka mengi ya Waamish hufungwa, kwa hiyo kama umepanga kuunganisha safari, fanya Jumamosi asubuhi, mapema, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Je, nitarudi? Nikipata mgeni, ndiyo. Peke yangu nitarudi kula, sitarudi kusokota.

Lakini mambo hayakuishia pale. Jumatatu nilitoka kazini nikamkuta Mama jikoni na jirani yetu kutoka Uvira, Kongo, wamejaza meza. Walikuwa wanabishana, kwa sababu kwa jirani "mikate" ni vile viduara vya kukaanga, na hakuelewa kwa nini huu wa kuoka uingizwe kwanza kwenye maji. Tulifanya hivi: lita 2 na nusu za maji, theluthi mbili za kikombe cha magadi ya unga, yakichemka unatumbukiza pretzeli moja moja kwa nusu dakika, unaitoa kwa mwiko wenye matundu, chumvi juu, kisha oveni ya nyuzi 230 kwa dakika 12 hadi 14. Za kwanza zilinata kwenye trei kwa sababu hatukupaka mafuta. Za pili zilitoka na rangi yenyewe. Za tatu Mama hakuzitia chumvi. Alipika shira, akazigeuzageuza humo mpaka sukari ikaganda nyeupe, akatuwekea sahani katikati bila kusema neno.

Zilikwisha kabla chai haijapoa.

Nilisahau: mwisho wa ziara unapewa cheti, kimeandikwa kwamba wewe sasa ni msokotaji rasmi wa pretzeli, na pana nafasi ya kujaza jina. Cha mwanangu kilipotea ndani ya gari siku ileile. Mama chake alikijaza mwenyewe kwa herufi kubwa, majina yote matatu, akakiweka kati ya kanga mbili sandukuni kisikunjwe. Juzi amenitumia picha. Amekitia fremu, amekipigilia ukutani kibandani kwake juu ya karai, na chini yake ameandika kwa chaki: VISHETI VYA KIMAREKANI, 500.