The Lightning Field, New Mexico: nendeni kwa ajili ya mwanga, radi muiache

Jamani hii sehemu, ambayo ni kazi ya sanaa ya nguzo za chuma zilizosimikwa nje uwandani, wengi wanaikosea kwa sababu ya jina (maana yake Uwanja wa Radi), wanaenda wakitegemea radi zipige kwenye nguzo usiku kucha halafu wanarudi wamenuna, wakati radi kupiga pale ni nadra sana. Mimi nimelala pale mwezi wa tisa, radi hata moja hamna, na bado naipa nyota tano.

Kazi yenyewe ni ya msanii wa Marekani Walter De Maria, ilikamilika 1977. Nguzo 400 za chuma kisichoshika kutu, zimesimikwa kwenye nyanda za juu magharibi mwa New Mexico, Marekani, eneo la maili moja kwa kilomita moja, nguzo hadi nguzo kama mita 67. Ardhi imepanda na kushuka kwa hiyo nguzo fupi ina mita 4 na nusu na ndefu inapita 8, lakini ncha za juu zote ziko levo moja, utafikiri zimepimwa kwa uzi.

Sasa kilichonishika ni jinsi zinavyopotea. Tumefika mchana jua kali, unaona chache tu za karibu, zilizobaki zote zimemezwa na anga, mwenzetu mmoja akauliza ndo hizi tu? Jua lilipoanza kushuka chuma kikaanza kushika rangi, kwanza ubavu mmoja, halafu safu nzima, halafu zote mpaka macho yanapoishia, na hakuna aliyegusa kitu. Simama kwenye mstari, safu yote inajificha nyuma ya nguzo moja, sogea hatua moja pembeni zinafunguka zote. Yaani nusu ya hii sanaa ni chuma, nusu ni saa ngapi na umesimama wapi, ndo maana sheria yao ya kutopiga picha naiunga mkono kabisa, picha ingekupa dakika moja tu ukadhani umeiona.

Wanaosimamia ni taasisi ya sanaa ya Dia Art Foundation. Gari unaliacha kwenye mji mdogo wa Quemado, wao wanawapeleka na kuwaacha kwenye nyumba ya magogo, wageni hamzidi sita, chakula mnakikuta, kesho yake ndo mnafuatwa. Hakuna kuja kwa lisaa limoja tu ukaondoka, na kwa maoni yangu bila huo usiku usingeelewa chochote. Kuzunguka eneo lote kwa miguu ni kama masaa mawili, zunguka jioni halafu rudia alfajiri, utaona ni kama kazi mbili tofauti.

Wanapokea wageni Mei mpaka Oktoba tu na nafasi zinaisha haraka so wahi. Julai na Agosti bei iko juu maana ndo msimu wa ngurumo, mi nasema chukua Mei au Septemba, na beba koti zito na buti, pale ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na baridi ya alfajiri inakata kweli.