CZ 75 B ikitoka kwenye boksi: kagua kwanza, kitambaa baadaye

Nchini Kenya "Ceska" limekaribia kuwa jina la bastola yoyote ile. Habari za polisi husema "bastola aina ya Ceska" na msomaji haambiwi ni modeli gani. Jina hilo limetokana na Česká zbrojovka (CZ kwa kifupi), kiwanda cha mji wa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, ambacho kina modeli nyingi. Inayopimwa hapa ni CZ 75 B ya risasi za 9x19, kizazi cha bastola iliyobuniwa mwaka 1975 na František Koucký akisaidiana na nduguye Josef. Ni chuma tupu: kilo 1 bila risasi, mtutu wa milimita 120, magazini ya risasi 16. Herufi B ni ya kile kizuizi kidogo kinachoifunga pini ya kufyatulia mpaka kifyatulio kivutwe hadi mwisho.

Hukumu yetu ni fupi. Ni bastola sahihi na imara, inatulia mkononi kwa sababu ya uzito wake, lakini inatoka kiwandani imelowa mafuta ya kuhifadhia, na ina vipande viwili ambavyo mnunuzi anapaswa kuvijua kabla havijavunjika. Kwa mtu anayetaka kuificha kiunoni kutwa nzima, atafute nyepesi.

Anza kwa kuitoa uhai. Toa magazini kwanza, ndipo ukoki, yaani uvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza. Ukigeuza mpangilio huo, utatoa risasi moja kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) na magazini itaingiza nyingine, nawe utadhani imebaki tupu. Ifunge slaidi ikiwa nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uipapase, maana jicho hudanganyika na mafuta. Risasi zote zikae chumba kingine hadi kazi iishe, na mtutu uelekee mahali ambapo risasi haiwezi kumdhuru mtu hata kama umekosea.

Namba za usajili zisomwe ukiwa bado dukani. Ziko kwenye fremu (mwili wenye mpini), slaidi na mtutu. Zinatakiwa kufanana zote tatu na kufanana na cheti chako cha silaha. Tofauti ya tarakimu moja inasahihishwa na muuzaji kabla hujatoka mlangoni, kwa sababu ukiisha kutoka, mwenye kuulizwa ni wewe. Hapo hapo tafuta mihuri ya upimaji ya Cheki: umbo la simba na tarakimu mbili za mwaka. Bastola inayouzwa kama mpya huku ikiwa na mwaka wa zamani sana inastahili swali. Masizi kidogo mtutuni yasikutishe, kwani kiwanda huzijaribu kwa risasi kabla ya kuziuza. Kinachosema zaidi ni uso wa chuma panapogonga kitako cha risasi: kwenye mpya utaona alama hafifu tu, kwenye iliyotumika utaona duara lililolika rangi.

Sasa ukaguzi, na ufanyike kabla ya kufuta chochote. Mafuta mazito huziba mikwaruzo na nyufa, lakini pia huonyesha mahali vyuma vinapogusana, na ukiyafuta haraka umepoteza ushahidi huo. Ili kuifungua, vuta slaidi nyuma milimita chache mpaka alama ya slaidi ikutane na ile ya fremu upande wa kushoto wa nyuma. Ishikilie hapo, kisha sukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye bastola mpya pini hii hubana. Tumia ukingo wa chini wa magazini tupu au nyundo ya plastiki, kamwe si bisibisi. Slaidi itatoka kwa mbele. Toa springi na fimbo yake, halafu inua mtutu. Sehemu ni tano tu ukihesabu na pini, na mwenye silaha hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Utagundua kwamba slaidi inateleza ndani ya reli za fremu, tofauti na bastola nyingi ambazo slaidi huikumbatia fremu kwa nje. Ndiyo siri mojawapo ya utulivu wake, na ndiyo adha yake pia: sehemu ya kushika unapokoki ni nyembamba, na vidole vyenye mafuta vinateleza.

Weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, mulika tochi, utazame kwa mbele. Mifuo, yaani michirizi ya mzunguko ndani ya mtutu, iwe na kingo kali na mng'ao ulio sawa. Kivuli chenye umbo la pete maana yake mtutu umevimba, na huo haurekebishiki; rudisha. Tazama zile ngazi mbili juu ya mtutu zinazoufunga na slaidi: zisiwe zimepondeka upande mmoja. Kwenye slaidi, sukuma sehemu ya nyuma ya pini ya kufyatulia kwa kijiti. Ncha yake isitokeze mbele. Bonyeza kile kitufe cha duara kilicho chini ya slaidi, sukuma tena, na safari hii ncha itokeze na kurudi yenyewe. Ikitokeza bila kitufe kubonyezwa, kizuizi hakifanyi kazi, na bastola hiyo haijafaa kubebwa.

Usafi wenyewe hauna makuu. Dawa ya kusafishia silaha ndiyo bora. Mafuta ya taa kwa kiasi kidogo huyeyusha yale ya kiwandani vizuri, mradi uyafute yote na dirisha liwe wazi. Petroli hapana: mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo. Pitisha kitambaa chenye dawa mtutuni kuanzia upande wa chemba, subiri dakika 5, pitisha brashi ya shaba mara 8 hadi 10, kila safari itokeze kabisa mbele kabla ya kuirudisha, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Chemba ipewe muda wake. Mafuta ya kuhifadhia yakibaki humo, hukusanya vumbi na kuifanya risasi isikae hadi mwisho, na slaidi hukwama milimita mbili kabla ya kufunga. Malalamiko mengi ya "Ceska mpya inakwama" chanzo chake ni hicho, pamoja na springi ambayo bado ni ngumu.

Mafuta mepesi ya silaha yawekwe kwa tone, si kwa mkondo: moja moja kwenye kila reli, moja kwenye ngazi za mtutu, moja kuuzunguka mtutu karibu na mdomo, moja kwenye tundu la pini ya kizuizi cha slaidi na moja kila ubavu wa nyundo. Ukizidi matone 8 umemwaga. Tundu la pini ya kufyatulia na magazini viachwe vikavu. Mafuta kwenye tundu hilo hushika masizi na kuipunguza pini kasi. Kwenye magazini hupenya hadi kwenye fataki ya risasi (kiwashio kilicho kitakoni mwake), nayo siku ya haja inakataa kulipuka. WD-40 ni ya kufukuza maji, na haitoshi kubaki kama mafuta ya kulainishia.

Wakati wa kurudisha, makosa ni mawili. Kichwa cha fimbo ya springi kikikaa vibaya dhidi ya mguu wa mtutu, slaidi haisogei inavyopaswa. Na pini ya kizuizi cha slaidi ikilazimishwa kabla alama mbili hazijakutana, huchora mkwaruzo wa nusu duara kwenye fremu ambao hautafutika tena.

Kisha jaribu ikiwa tupu. Vuta nyundo nyuma, pandisha wenzo wa usalama, ambao wengi huuita sefti, vuta kifyatulio: nyundo isianguke. Shusha sefti: isianguke bado. Vuta tena, ianguke. Endelea kukishikilia kifyatulio, koki, kisha kiachie polepole mpaka usikie mlio mdogo wa kujirudisha. Fahamu kwamba modeli hii haina wenzo wa kushusha nyundo. Kuishusha kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo chembani ni kazi inayohitaji mkufunzi kando yako, na hakuna haja ya kuijifunza sebuleni.

Vipande viwili tulivyovitaja ni hivi. Pini ndogo ya bomba inayoizuia pini ya kufyatulia isitoke kwenye slaidi hupigwa kila unapofyatua bila risasi. Ukifanya mazoezi hayo mengi, hupinda au kukatika na kuikwamisha pini ya kufyatulia. Nunua risasi bandia za mazoezi, gharama yake ni ndogo kuliko usumbufu. Cha pili ni kile kizuizi cha slaidi, ambacho hubeba kishindo cha kila mlio na hufahamika kukatika baada ya maelfu ya risasi. Akiba ya kimoja ikae kwenye boksi. Kuhusu magazini kutoanguka yenyewe unapobonyeza kitufe, hiyo si kasoro: kuna bamba la springi nyuma ya tundu linaloishika makusudi, uivute kwa mkono.

Rangi nyeusi ya nje ni ya kuokwa na inavumilia jasho vizuri. Udhaifu uko ndani: mtutu, pini na springi za magazini. Kwa anayeishi Mombasa, Lamu au Tanga, hewa ya chumvi haingoji upige risasi ndipo ilete kutu. Pitisha kitambaa chenye mafuta kila wiki, na usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi kwenye sefu, maana ngozi hutunza unyevu. Ukishamaliza usafi wa kwanza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kisha ilaze usiku mmoja ndani ya sefu mdomo ukielekea chini juu ya gazeti. Asubuhi utakuta matone yaliyozidi yametua kwenye karatasi badala ya kurudi nyuma kwenye pini ya kufyatulia. Futa uso wa slaidi kwa kitambaa kikavu, ndipo uijaze kwa safari ya kwanza ya uwanjani.