Chaja ilikuwa nzima, mimi nikaambiwa nimwite mwenye gari

"Dereva, mwite mwenye gari tuongee naye." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa dukani hapa Arusha, mbele ya wateja watatu na mke wangu, siku niliyopeleka malalamiko kwamba chaja ya betri ya gari waliyoniuzia na kunifungia haichaji. Mwenye gari ni mimi. Kadi ina jina langu. Nimeendesha magari ya watu miaka minane mpaka nikapata la kwangu, halafu nasimama kaunta na shati langu la kaki la kazini, mtu ananitazama kuanzia kofia hadi buti na kuamua kwamba mimi ni wa kutumwa.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa, nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Gari lenyewe ni mkonga wa pick-up, yaani Land Cruiser, injini ya dizeli ya 1HZ. Nyuma nimejenga boksi: jiko la gesi, tangi la maji, kabati za vyombo, friji ya kompresa, na juu hema la kukunjua ambalo wageni wawili wanalala. Zamani nilikuwa na betri ya maji huko nyuma, imeungwa na ya mbele kwa rilei (swichi ya umeme), na kwa taa na kuchaji kamera ilitosha. Nilipoweka betri ya lithiamu ya ampia-saa 100 niliambiwa rilei haifai tena, na hilo ni kweli. Lithiamu ina njaa, inavuta umeme mwingi mfululizo, na altaneta, ile inayofua umeme kwenye injini, inaweza kupata moto hadi ikafa. Ndiyo sababu ya kununua chaja ya betri kwa betri. Inakaa katikati, inapokea kutoka betri ya mbele, inapandisha volti kufikia zile ambazo betri ya nyuma inazitaka, na kutoa ampia zake 30 bila kuzidi. Nililipa laki saba na ushee, na ya ufundi laki moja na nusu juu yake. Walifunga wao wenyewe. Mimi sikugusa hata bisibisi.

Safari ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa masika, mtu na mkewe, siku sita. Kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, kupitia Karatu na Ngorongoro, ni mwendo wa siku nzima, na chaja ya ampia 30 inahitaji kama saa nne tu kujaza betri hiyo hata ikiwa imekauka kabisa. Niliondoka nyumbani nikiwa na asilimia 70. Tulipofika kambi ya Pimbi nikafungua simu kusoma betri: asilimia 41. Nikajiambia labda programu ya simu inadanganya. Asubuhi ya pili friji ilikuwa kimya. Nilipofungua kabati niliona maji mekundu yanachuruzika kwenye ubao, yale ya nyama iliyoganda inapoachia, na yalikuwa yameshafika kwenye gunia la mkaa.

Mke wangu ndiye aliyefungasha nyama ile. Aliikata vipande vya mlo mmoja mmoja, akavikunja na kuandika siku juu ya kila mfuko. Hifadhini huwezi kutupa nyama porini, na ukikaa na nyama inayoanza kunuka kwenye kambi isiyo na uzio, wenyeji watakuja. Usiku huo fisi walizunguka gari karibu mpaka alfajiri. Nilikuwa nawasikia wanavyonusa tairi. Yule mama mgeni hakulala, na asubuhi alinishukuru kwa upole kabisa, upole ambao uliniumiza kuliko kama angefoka.

Nikalala kifudifudi chini ya kiti cha nyuma, injini inaunguruma, mgeni ananishikia tochi. Taa ya chaja inawaka kijani, inakaa sekunde kumi hivi, inazima. Baada ya muda inawaka tena, inazima tena. Bila kukoma. Siku nzima ya barabara ile ya mawimbi toka lango la Naabi, chaja ilikuwa inaanza kazi na kuacha, inaanza na kuacha.

Sasa rudini nami dukani. Nilieleza hivyohivyo nilivyoeleza hapa: inawaka, inazima. Yule bwana wa kaunta akatoka na multimita, kile kipimo cha umeme, akaniambia niwashe injini, akagusisha ncha mbili kwenye chaja kwa muda usiofika hata wa kupiga chafya, ikasoma 14.0. "Umeme unafika. Tatizo ni matumizi." Nikamwomba aache kidogo aone taa inavyofanya. Ndipo aliponiambia kwamba kifaa hiki siyo balbu ya kuchomeka, kinataka mtu aliyesoma, nimwite mwenye gari. Mke wangu akasema, "Kaka, mwenye gari ndiye huyu." Hakumjibu. Alimgeukia mteja mwingine na kumuuliza anatafuta sola ya wati ngapi.

Kwa jinsi nilivyokuwa siku ile, kama ningeandika jioni yake ningesema chaja ni takataka, msinunue, mmetapeliwa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Namshukuru Mungu simu iliisha chaji.

Kuna mzee fundi umeme mtaa wa Unga Limited aliyenitengenezea stata zamani. Nikampelekea. Nikamwamkia, akaitikia, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja tu: "Walipima ikiwa inavuta au ikiwa imelala?" Sikumwelewa. Akasema, "Haya mwanangu, washa."

Akaweka ncha zake kwenye miguu ya kuingizia umeme, akaziacha hapo. 14.0, sawa na ya yule bwana. Tukasubiri. Taa ya kijani ikawaka, na palepale namba zikaanza kushuka: 13.4, 13.0, 12.6. Taa ikazima. Namba zikarudi 14.0. Akanitazama. Chaja hii imeundwa iache kazi volti za mbele zikishuka, ili isije ikanyonya betri ya kuwashia injini ukakwama porini. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara kabisa. Ilidhani nimezima injini.

Kisha akafanya jambo ambalo nataka kila anayesoma hapa alishike. Akaweka ncha moja kwenye hasi ya chaja, nyingine akaivuta kwa waya mrefu hadi hasi ya betri ya mbele. Hapo, alisema, chaja ikiwa inavuta tunatakiwa tuone karibu na sifuri. Tukaona 0.7. Karibu robo tatu ya volti inapotelea kwenye njia ya umeme kurudi tu. Akafungua boliti waliyofungia hasi kwenye bodi ya gari, ili umeme urudi kupitia chuma cha bodi. Chini ya washa, kile kipete cha boliti, rangi ya kiwandani ilikuwa bado inang'aa, krimu safi, haijakwaruzwa hata kidogo. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti peke yake. Upande wa chanya, waya wa milimita 6, mita tano toka boneti hadi nyuma. Ampia 30 zikitoka nyuma, mbele zinaingia karibu 38, maana volti zinapandishwa na nyingine zinapotea kwa joto. Waya ule ulikuwa wa moto ukiushika.

Laki moja na nusu nililipia hiyo kazi! Msasa wa kukwangua rangi ni shilingi ngapi?

Mzee alivuta waya wa milimita 16, chanya na hasi yote miwili, moja kwa moja toka betri hadi chaja, bila kutegemea bodi. Fyuzi ya ampia 60 karibu kabisa na betri ya mbele, na nyingine karibu na ile ya nyuma, kwa sababu waya mnene ukigusa chuma bila fyuzi ni moto. Akagundua pia waliiacha chaja kwenye mpangilio wa betri ya maji, tukaubadilisha kuwa wa lithiamu. Akawasha. Ikiwa inavuta, 13.7 kwenye chaja. Taa ikawaka ikakaa. Tukanywa chai, ikakaa.

Kwa hiyo kuhusu chaja yenyewe: ni nzuri mno. Nimeenda nayo Ndutu, nimeenda nayo Natron, betri inafika kambini imejaa na friji inapuliza baridi usiku kucha. Ningeipa nyota zote tano. Ila hapana, ngoja. Mwezi uliopita Natron, kwenye lile joto, ilishusha nguvu karibu nusu, kwa sababu walikuwa wameifungia kwenye kiboksi chini ya kiti na kuizungushia zulia. Tumeihamishia penye hewa na tatizo limekwisha. Hilo nalo naliweka kwao, siyo kwa chaja. Lakini je, mtu asiyemjua mzee yule atatenganishaje chaja na watu walioifunga? Atakachoona ni taa inayowaka na kuzima, na nyama iliyooza. Nne, basi. Ufungaji, sifuri. Mapokezi sina namba yake.

Nimesikia yule bwana siyo mmiliki, ameajiriwa kama nilivyokuwa mimi. Nilipoambiwa hivyo nilikaribia kumwonea huruma. Kisha nikamkumbuka mke wangu amesimama pale na sentensi yake haijajibiwa.

Fyuzi kubwa za akiba za ampia 60, zile za kufunga kwa boliti, nimezunguka mjini sijazipata kwingine. Wao wanazo. Nimemtuma shemeji akaninunulie mbili.