Kasha la Msaji la Shangazi: Tulipake Rangi au Tuliache?

Asalamu alaikum, watazamaji wangu. Leo nipo nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, na kasha mnaloliona mbele yangu ndilo lililonileta. Ni kasha la msaji, yaani mbao ya mtiki, lenye misumari ya shaba, droo tatu chini na kifuniko kizito juu. Shangazi alilirithi kwa mamake, na sasa binti yake anaolewa baada ya masika, kwa hiyo anataka liende kwa bibi harusi likiwa zuri. Ameniuliza swali ambalo wengi wenu pia huniuliza: alipeleke kwa fundi likapigwe msasa na vanishi mpya, alipake rangi nyeupe kama samani za nyumba za wageni, au aliache lilivyo?

Kabla sijamjibu, naomba kamera isogee hapa pembeni. Misumari hii imepangwa kwa maduara na mistari, na mkitazama kwa makini mtaona kuwa nafasi kati ya msumari na msumari hazilingani kabisa, kwa sababu aliyeipiga alipima kwa jicho na mkono wake. Nikiivuta droo, mtaona pembe zake zimeunganishwa kwa meno ya mbao yanayoingiliana, bila msumari hata mmoja. Chini ya kasha, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, ubao una vibonde vidogo vidogo vilivyoachwa na tezo, wala si michirizi ya mviringo ya msumeno wa mashine. Ndani, upande wa kushoto, kuna kibweta, yaani kisanduku kidogo, na ukiuinua ubao huu mwembamba hutokea kidroo cha siri ambacho hadi leo kinanukia udi. Shangazi anasema mamake alikuwa akiweka humo vipuli vyake.

Makasha mengi ya namna hii yalitengenezwa Bara Hindi, Surat na Bombay, yakaletwa pwani yetu na majahazi yaliyosafiri kwa pepo za kaskazi. Msaji una mafuta yake ya asili ambayo mchwa hawayapendi na maji hayapenyi kwa urahisi, na ndiyo sababu hata waunda majahazi waliuthamini. Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kifaa cha kubebeka, kisipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Dalili nilizowaonyesha, kwamba kasha hili ni kazi ya mkono na huenda ni la kale, zinatosha kumfanya mwenye kasha apeleke picha zake kwa wataalamu wa Makumbusho ya Lamu kabla fundi yeyote hajaligusa.

Sasa tuje kwenye msasa, kwa maana hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Jina hili ni la mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao polepole kwa mkono. Mashine ya leo si kama jani hilo. Rangi hii ya kahawia yenye wekundu kwa mbali imejengwa na mwanga, moshi wa ubani na mafuta ya viganja vya watu waliolifungua kasha hili maisha yao yote, nayo imekaa kwenye ngozi ya juu tu ya mbao. Mashine huiondoa kwa dakika chache, ikasawazisha pia vichwa vya misumari, na kinachobaki ni ubao mweupe-mweupe usio na historia. Niliwahi kupeleka kiti cha mpingo cha ukoo wetu kwenye karakana moja, nikakipokea kikiwa kimekwanguliwa hadi njumu zake, yaani nakshi zilizopachikwa kwenye mbao, zimeliwa nusu. Uchungu huo ninao hadi leo, na sitaki umpate mtu mwingine.

Vanishi ya kisasa nayo ina shida yake katika hewa yetu ya bahari. Mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi, lakini utando mgumu wa vanishi haufuatani nazo, hivyo hupasuka, unyevu ukaingia chini yake, na kuutoa kunahitaji dawa kali au msasa tena. Kwanza jaribuni hivi: chovyeni pamba katika spiriti, mfute mahali palipofichika. Nimefanya hapa nyuma, karibu na mguu, na tazameni, pamba imetoka na rangi ya chai ya mkandaa, na mbao inanata kidogo. Hiyo ni sheleki, polishi ya zamani, ambayo huweza kuhuishwa kwa sheleki nyembamba juu yake na nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya nazi, ambayo mama zetu hutushauri kwa nia njema, hayakauki. Hukusanya vumbi na mwishowe hunuka. Ndimu nayo huing'arisha shaba kweli, lakini ukali wake hubaki chini ya vichwa vya misumari na baada ya muda huleta ukoga wa kijani.

Kuna mambo mawili ambayo lazima yatengenezwe. Droo ya kati inakwama, na shangazi alikuwa ameshamwita fundi aipige randa. Nimemsihi asubiri, kwa sababu tumo katikati ya mvua na mbao imevimba. Ikipigwa randa leo, kaskazi itakapofika itacheza kama jino bovu. Tumesugua nta kwenye njia zake, na sasa inafunguka. Ubao wa chini wa droo hiyo, ambao si msaji, umeliwa na dumuzi, na unga wake mnauona hapa. Huo utabadilishwa kwa kipande cha mbao kavu ya zamani, bila misumari ya chuma, kwa kuwa kutu yake hupenya kwenye mbao na kuacha weusi. Ubao wa zamani utafungwa katika kitambaa na kuwekwa ndani ya kasha.

Sisemi kwamba kila samani kuukuu isiguswe. Kabati la plaiwudi la miaka ya 1980, ambalo kuna mengine elfu kama hilo, lipakeni rangi mnayoipenda.

Nilipomweleza shangazi haya yote, alinyamaza kidogo, akapitisha kiganja juu ya kifuniko, kisha akaniambia, "Basi mwanangu, lende kwa mwanangu kama lilivyokuja kwangu." Kesho asubuhi fundi analeta ule ubao wa droo, na nitairekodi kazi yake tangu mwanzo ili mwone anavyoupachika.