Kuishi katika shule ya zamani Lubumbashi: uzoefu wangu

Komisioneri (dalali wa nyumba) akikutajia "shule iliyogeuzwa nyumba", nenda kuiona mchana, jua likiwa kali. Tunayopanga sisi ilijengwa enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa bado Élisabethville, na mafundi wa wakati ule walijua kazi. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene. Dari liko juu sana, na karibu nalo kuna matundu ya hewa. Umeme ukikatika, na unakatika kweli, hatulilii feni.

Madirisha makubwa yako upande mmoja tu, kushoto kwa mtu anayetazama ubao. Madarasa mengi ya zamani yalijengwa hivyo, ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie daftari. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko hapohapo, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi nauona bila taa mpaka jioni. Ubao nao umebaki: saruji iliyopakwa rangi nyeusi. Watoto wanaandika homuwaki zao, mama mkwe anaandika wanaomdai unga (wanazidi kuwa wengi).

Barza, yaani veranda, inapita mbele ya milango yote. Mvua za Novemba zikianza, nguo zinakauka hapo.

Taabu ni kazi ya fundi aliyegawa darasa kuwa vyumba. Alisimamisha tripleksi (plaiwudi) katikati ya dirisha, nusu ikawa chumbani kwetu, nusu bafuni. Komeo liko upande wa bafu. Ukitaka hewa usiku, unambishia hodi anayeoga! Tena tripleksi yenyewe haikufika darini, kwa hiyo siri za ndoa zinasikika hadi sebuleni. Kama angeiacha barza ifanye kazi ya korido na kila darasa liwe chumba kimoja, nisingekuwa na neno.

Juni na Julai jiandae. Madirisha yanatazama kusini, na miezi hiyo jua linapita kaskazini, haliingii ndani hata kidogo. Mbabula, jiko letu la makaa, inapasha dari, sisi huku chini tunajifunika vitenge.

Kodi ni ya haki kwa ukubwa wake, na mwenye nyumba ni mzee msikivu. Ameahidi kupandisha tripleksi. Sasa anaomba kuongezewa garanti, yaani amana ya nyumba. Silipi mpaka komeo lihamie upande wetu.